Mkono Chini ya Rangi

Maiti ya Mzee Mbaruku ilikuwa katikati ya lami, chali, juu ya makopa ya mihogo ya binti yake.

Makopa yalikuwa yameanikwa barabarani kwa urefu wa hatua arobaini, meupe pe, jua likiyachoma juu na lami ikiyachoma chini. Kila Jumapili watu wa Mnyuzi walifanya hivyo. Tangu mafuta yapande bei, na serikali ikataze magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, barabara ile ilikuwa mali ya mihogo, kuku na watoto. Mzee Mbaruku, ambaye macho yake yalizima miaka ishirini nyuma, ndiye aliyekuwa mlinzi. Mbuzi hakuwahi kuonja kopa mzee akiwa kazini. Alimsikia tangu yuko majanini.

Sasa makopa yaliyokuwa chini ya kichwa chake yalikuwa mekundu.

Inspekta Laurenti Shemdoe alifika saa kumi na moja jioni kwa baiskeli, jasho likimchuruzika ndani ya sare. Alichuchumaa. Mistari miwili ya matairi ilikuwa imepita katikati ya makopa, imenyooka kama uzi, ikiyasaga kuwa unga. Hapakuwa na alama ya breki. Hapakuwa na tone la oili.

"Nani alisikia gari?" aliuliza.

Watu wapatao themanini walitazamana. Wote walikuwa kwenye mkutano wa kijiji, nyuma ya ghala, hatua mia moja kutoka pale.

"Hakuna aliyesikia, afande," alisema Konstebo Muhidini, kijana wa Handeni aliyemtangulia kufika. "Nimewauliza mmoja mmoja. Na hawa, gari likipita Jumapili, hutoka kulitazama kama bibi harusi."

"Mimi nilisikia kitu kama gunia limeanguka," alisema mama mmoja. "Basi. Hata mbwa hawakubweka."

"Mumiani," alisema mtu nyuma yake, kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyelirudia neno hilo. Lakini akina mama waliwavuta watoto wao karibu.

Muhidini alimvuta inspekta kando. "Kuna mtu nimemkamata, afande. Dominiko, dereva wa gari la chanjo. Ndiye pekee mwenye kibali cha kutembea Jumapili."

"Una ushahidi?"

"Sina. Nimemweka mahabusu asije akachomwa moto. Wanasema ni mumiani, gari lake hubeba damu za watu. Wamenitamkia waziwazi kwamba akitoka, nyumbani hafiki."

"Ile Land Rover yake ikiwashwa Korogwe, Hale wanaamka."

"Ndicho nilichowaambia. Wakanijibu kwamba gari la mumiani hunyamaza likitaka."

Inspekta alisimama. Alielewa mzigo aliotwishwa. Kumfungulia Dominiko ilikuwa kumpeleka kwenye moto. Kumbakiza ilikuwa kumpeleka kwenye kitanzi. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu, kulitafuta gari lisilo na sauti.

Swaumu, binti wa marehemu, alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kanga mdomoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Pole sana. Baba alikuwa mzima wa masikio?"

Swaumu alicheka kicheko kisicho na furaha. "Baba? Lori likiwa bado bondeni, angekwambia ni la nani na limebeba nini. Akisema limebeba chumvi, ni chumvi. Afande, kitu chenye magurudumu hakiwezi kumfikia baba bila yeye kujua. Hakiwezi."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Hakuwa nao. Ila wiki mbili hizi alikuwa na neno moja. Kwamba wakubwa wakija Jumatano kutembelea shamba la mkonge, atasimama aseme kitu."

"Kitu gani?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Nimetoa ahadi ya siri, nitaivunja siku hiyo hiyo.'"

Mzee Mbaruku alizikwa Jumatatu saa saba, baada ya daktari kumaliza uchunguzi wa maiti. Mbavu zilivunjika, fuvu lilipasuka kisogoni kwa kuanguka. Mkono wa kulia ulivunjika kifundoni. Daktari hakuandika zaidi.

Baada ya maziko, inspekta alimfuata Mzee Kibwana, aliyeuosha mwili.

"Mzee, uliona nini ambacho daktari hakukiona?"

"Mwosha maiti hasemi aliyoyaona, mwanangu. Unajua hivyo."

"Najua, mzee. Lakini kuna mtu hai mahabusu."

Mzee Kibwana alizungusha tasbihi yake. "Tunachokificha ni aibu ya marehemu," alisema. "Rangi si aibu. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kijani. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa mchanga, haikutoka. Amezikwa nayo."

Land Rover ya chanjo ilikuwa nyeupe.

Kituoni, inspekta alifungua kifurushi. Shati la marehemu alikuwa amelifunga kwa leso yake mwenyewe Jumapili jioni, likiwa limechanika mahali pamoja tu. Sasa lilikuwa na matundu. Matundu madogo, ya mviringo, mengi, kama kwamba kuna kitu kilikuwa kinalila lilipokuwa kabatini. Aliinua leso. Ikabaki vipande mkononi mwake.

Muhidini alirudi nyuma hatua mbili. "Afande, hili jambo si la polisi. Tumwite shehe."

"Nusa."

"Mimi?"

"Wewe una pua kubwa kuliko shehe. Nusa."

Muhidini alinusa. Uso ukabadilika. "Maji ya betri."

"Tindikali. Inapokauka ndipo inapokula nguo. Sasa niambie, ni gari gani linalomwaga tindikali na halimwagi oili?"

Muhidini alifikiri, kisha akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likafa. "Habakuki," alisema. "Fundi umeme wa shamba la mkonge. Anaunda gari la kutumia betri. Anataka kuwaonyesha wakubwa Jumatano. Lakini afande, watu wanalicheka. Wanaliita gari la tochi. Hakuna aliyewahi kuliona likitembea."

"Hakuna aliyewahi kulisikia," alisema inspekta. "Hayo ni mambo mawili."

Jumanne asubuhi walifika karakana ya shamba la mkonge. Habakuki alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo meupe ya tindikali. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge akafia kwenye mkonge. Yeye alijifunza umeme, na alilifunua gari lake kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Lilikuwa la kijani. Mbele halikuwa na rejeta wala matundu ya kuvutia hewa, bapa tupu, kama uso usio na pua. Ndani hapakuwa na gia. Pedali mbili tu na swichi.

"Betri ishirini na nne," alisema Habakuki. "Nazichaji kwa umeme wa Hale. Maji ya Pangani yanasukuma gari, Inspekta, hebu fikiri. Waarabu wafunge mafuta yao, sisi hatuna habari. Kila kijiji cha ujamaa kitakuwa na lake. Miaka hamsini kutoka leo magari yote duniani yatakuwa hivi, na watauliza la kwanza lilitoka wapi."

"Limewahi kutoka humu?"

"Bado. Kesho ndiyo mara ya kwanza."

"Basi nionyeshe leo."

Habakuki alisita. Lakini kukataa kulionyesha gari lake kulikuwa nje ya uwezo wake.

Walikwenda kwenye barabara ya katikati ya mkonge. Safu za mkonge zilisimama kila upande, miiba juu, hakuna upepo, hakuna ndege. Inspekta aliligeuzia gari mgongo, akafumba macho kama alivyoishi marehemu.

"Nenda mwisho kabisa, kisha urudi kwangu. Ukifika karibu, simama."

Alisubiri. Alisikia moyo wake. Alisikia nzi. Alisikiliza mpaka masikio yakaanza kumdanganya, yakimletea lori kutoka Segera, maji, watu wakisema jina lake kwa mbali. Gari hakulisikia. Akaanza kufikiri kwamba Habakuki amekataa kuja, kwamba yuko peke yake katikati ya mkonge.

Kisha kitu kikamgusa nyuma ya magoti.

Alifumbua macho na kugeuka. Uso ule bapa wa kijani ulikuwa umemfikia, umetulia, kama uliokuwapo tangu asubuhi.

"Umeona?" alisema Habakuki kutoka dirishani, macho yaking'aa. "Hata wewe."

Inspekta alimgeukia konstebo, aliyekuwa na gunia begani. "Muhidini. Mwaga."

Muhidini alifungua gunia na kumwaga makopa barabarani, hatua kumi na tano kwa urefu.

"Sasa pita juu yake, taratibu."

"Ya nini haya?"

"Pita."

Habakuki alipita. Makopa yalilia chini ya matairi, *kwa, kwa, kwa*, makavu, makali, kama mifupa ya kuku. Ndege waliruka kutoka kwenye mkonge.

"Mimi, mtu wa kawaida, nimesikia," alisema inspekta. "Mzee Mbaruku alikuwa na makopa hatua ishirini kila upande wake. Alisikia. Alikuwa na muda wa kutoka barabarani na kuwasha kiko. Hakutoka. Kwa nini, Habakuki?"

"Mimi nitajuaje?"

"Shuka."

Inspekta alipiga goti mbele ya gari na kuweka shavu karibu na bati, akilitazama kwa upande, jua likipita juu yake kwa mlalo. Rangi ilikuwa mpya, nzuri, laini. Lakini mahali pamoja, usawa wa kifua cha mtu, haikuwa laini. Chini ya rangi palikuwa na rangi nyingine, iliyokuwa bado mbichi siku ilipoguswa. Vidole vitano. Kiganja kizima. Ulionekana kama mkono wa mtu aliyebaki ndani ya gari, ukisukuma kutoka upande wa pili.

Muhidini aliuona, akasema kitu kwa Kizigua.

"Uliisafisha damu," alisema inspekta. "Mkono ukaupaka rangi juu yake. Aliyeuacha alikuwa amegeukia gari, Habakuki. Alikuwa amekuelekea. Si lazima useme lolote, na utakalosema litaandikwa."

Habakuki aliketi chini, palepale barabarani, akaegemea gurudumu.

"Jumapili saba," alisema. "Muda wa mkutano, watu wote wakiwa ghalani, nilikuwa nalitoa. Nilitaka mtu wa kulipima sauti. Nani mwingine kama si yeye? Alisimama barabarani. Akinisikia, anainua mkono. Akiinua, nasimama. Mara ya kwanza alinisikia nikiwa mbali, mnyororo unalia. Nikautoa mnyororo. Mara ya pili akasema fani inavuma. Nikaitoa. Kila Jumapili nilimkaribia zaidi. Tulicheka kama watoto, Inspekta. Yeye ndiye aliyeniundia gari hili. Kwa masikio yake."

"Kisha?"

"Jumapili ya tano alinisikia nikiwa hatua sita tu. Hakucheka. Akasema, 'Basi, sasa lirudishie sauti. Mimi nakusikia. Wajukuu zangu hawatakusikia.' Akasema niweke kengele, au kitu cha kuvuma, la sivyo atasimama Jumatano aseme mbele ya wakubwa kwamba gari hili litaua watu. Nilimwambia, mzee, kimya ndicho uzuri wake wenyewe. Watu wanatoka Dar es Salaam kuja kuona kimya. Nilimwomba asubiri, nitaweka baadaye. Akasema baadaye ni baada ya kufa mtoto wa nani?"

"Jumapili hii ulikwenda kumuua?"

"Nilikwenda kumpima kama atanisikia." Habakuki alijifuta uso, na mkono ukaacha mstari wa kijani shavuni. "Nilikuta makopa. Sikuyatarajia pale, huwa wanaanika kwenye kipande cha barabara kilicho upande wa pili wa ghala. Nikaingia. Yakalia. Akageuka, akainua mkono, kama siku zote. Mguu ulikuwa juu ya breki, Inspekta. Ulikuwa juu ya breki. Nikawaza kwamba nikisimama, Jumatano anasema. Kijiji hiki kinamwamini yeye kuliko redio. Miaka mitatu ya kazi yangu inaisha kwa sentensi moja ya mzee kipofu."

"Ukaendelea."

"Sikufanya kitu. Ndiyo yenyewe. Sikufanya kitu."

Kalamu ya Muhidini ilikuwa imesimama. Inspekta alimwashiria aendelee kuandika, kisha akatoa pingu.

"Tukifika, utamfungulia Dominiko," alimwambia konstebo. "Utembee naye wewe mwenyewe mpaka mlangoni kwake, na kila utakayemkuta njiani umweleze gari ni lipi na la nani. Mpaka wasikie wote."

"Ndiyo, afande."

Habakuki alinyoosha mikono bila kuambiwa. Pingu zilipofunga, alikuwa bado anatazama mahali pale mbele ya gari.

"Hakukimbia," alisema. "Aliweka kiganja kwenye bati kama mtu anayemzuia ng'ombe wake. Alijua nitasimama."

"Alisema neno?"

Habakuki alijibu kwa sauti ndogo, na ilibidi inspekta ainame kuisikia.

"Alisema, 'Nimekusikia, mwanangu.'"