Namba Aliyoishona Mwenyewe

Siku ya kupima sare, ukumbi wa ofisi ya ustawi wa familia za askari hujaa mpaka kuta zinatoka jasho. Watoto wanalia, mama zao wanabishana nani alitangulia, na feni ya darini inazunguka kama imelazimishwa. Kila mwaka serikali huwapa watoto wa askari sare za shule, na mwaka ule kazi ya kuwapima na kuwashonea alipewa msichana mmoja mwembamba, gauni la bluu lenye vifungo mpaka kooni, utepe wa kupimia shingoni, chaki nyuma ya sikio. Wote walimwita Fundi.

Askari mmoja alikuwa akijipenyeza kuelekea dirisha la fomu. Mkanda wa mkoba wake ukanasa kwenye kona ya meza ya cherehani, ukakatika kwa mlio.

"Samahani, Fundi. Meza yako imening'ata."

"Meza yangu ina adabu. Mkoba wako ndio umechoka. Lete hapa."

Alikuwa koplo, mrefu, suruali imenyooshwa hata ungeweza kukata mkate kwa mikunjo yake. Fundi alishona mkanda, kisha akatazama ubavu wa mkoba.

"Namba yako ya jeshi nani kaiandika kwa kalamu? Mvua moja tu, imekwenda."

"Basi ishone."

Akaishona kwa uzi mwekundu, akapita mara mbili isifumuke: nne, sifuri, saba, saba, mbili.

"Nikushukuru vipi?" aliuliza Koplo.

"Kwa kuondoka. Foleni inakutolea macho."

"Naondoka, lakini nakuachia kitendawili."

"Tega."

"Naingia kwa mlango mmoja, natoka kwa mitatu. Nikishatoka, ndipo nimo ndani."

Fundi akatazama juu, akatazama chini. "Kimenishinda."

"Basi nipe mji."

"Mji sikupi ng'o! Acha namba ya simu. Nikipata jibu nitakupigia."

Hakupata jibu wiki ile, wala mwezi ule. Lakini simu zilipigwa.

"Umekipata?"

"Ni pua?"

"Pua ina milango mitatu? Labda yako, mpenzi."

"Utanikoma! Ni kaburi?"

"Kaburi nani akatoka? Fundi wangu, hebu lala, kesho ujaribu tena."

Na kesho ilikuwa na simu yake. Jumapili akipata ruhusa alikuja kwenye duka la ushonaji la Fundi, anakaa kwenye kiti cha wateja akimenya machungwa, anamlisha Fundi kipande kimoja kimoja ili mikono yake isichafue vitambaa. Miezi kumi na moja ikapita hivyo. Waliopita nje walisema cherehani ya Fundi siku hizi inaimba.

Kisha ikaja amri. Kikosi cha Koplo kitavuka mpaka, mwaka mzima.

"Kuna jambo moja nataka," Fundi alimwambia. "Mwezi uliopita askari alipojeruhiwa, ofisi ilimpigia mkewe simu siku hiyo hiyo. Wakamtumia gari, wakampa mshauri wa kukaa naye, wakamlaza karibu na hospitali. Mimi ukiumia nitajulia wapi? Kwenye redio?"

"Usiseme habari za kuumia."

"Niandike kwenye fomu yako. Mtu wa kwanza kupigiwa simu."

Koplo aliliweka chungwa chini. "Fomu ina mambo yake, mpenzi. Tuliache kwanza."

"Mambo gani?"

"Tuliache."

Fundi akaliacha kwa mdomo. Moyoni alilikunja, akaliweka.

Siku ya kupima sare ikarudi, zikiwa zimebaki siku tisa Koplo aondoke. Fundi alipewa orodha mpya. Haikuwa na majina kama ya mwaka jana, namba tu za askari, na wake na watoto wao. Kidole chake kilikuwa kikishuka taratibu, kikasimama. Nne, sifuri, saba, saba, mbili. Mke mmoja. Watoto wawili, mapacha, wasichana.

"Arobaini elfu mia saba sabini na mbili!" aliita, na sauti haikuwa yake.

Akaja mwanamke mtulivu, viatu vimefutwa vumbi, kashika mtoto kila mkono.

"Baba yao yuko kikosini?" Fundi aliuliza akiwa amepiga magoti na utepe.

"Ni koplo," mwanamke alijibu, macho chini.

Fundi alipima mabega, akapima viuno, akaandika. Hakuwahi kukosea kipimo maishani mwake. Siku ile alikosea vyote.

Jioni hakungoja apigiwe.

"Mkeo ana mapacha wazuri."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Koplo, nimesema, mkeo..."

"Fundi, nisikilize. Nitakueleza, lakini si kwenye simu. Hapa kambini kuta zina masikio."

"Mwenye ukweli hachagui ukuta. Wale ni wako kwenye fomu, au si wako?"

"Kwenye fomu ni wangu. Lakini..."

"Namba ile niliishona kwa mkono huu! Sindano ilinichoma kidole siku ile, nikacheka. Leo ndiyo nimesikia maumivu yake."

Akakata. Simu ikalia mara kumi na mbili, akaifunika kwa kitambaa. Koplo aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akanyimwa: kikosi kinajiandaa. Akatuma ujumbe, haukusomwa. Cherehani iliacha kuimba.

Siku mbili kabla ya safari, mwanamke mtulivu akatokea mlangoni mwa duka na mfuko mkononi.

"Sketi zimefika vifundoni, Fundi. Watoto wanajikwaa."

"Weka hapo. Mume wako atakuja kuzichukua?"

"Mume wangu amelala makaburini mwaka wa nne sasa." Akakaa kwenye kiti cha machungwa bila kukaribishwa. "Alikuwa mwashi. Jukwaa lilivunjika. Koplo ni mdogo wake. Ni shemeji yangu, mwanangu, na wasichana humwita baba mdogo tukiwa nyumbani."

Mkasi ukatua mezani.

"Pacha mmoja ana pumu," mwanamke akaendelea. "Hospitali ya jeshi ndiyo iliyomrudishia pumzi. Wakongwe kambini walimwambia shemeji, ukiandika mjane wa kaka wataitupa fomu yako; andika mke. Akaandika. Wakati huo alikuwa bado hajakujua."

"Na wewe ukakubali kuitwa mke?"

"Mtoto alikuwa anapumua kama filimbi. Ningekubali kuitwa hata kiti."

Fundi alitaka kucheka, akalia. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Uongo ukitoka, unatufukuza sisi hospitalini. Ukibaki, unakufukuza wewe. Jana kanipigia simu, kanieleza habari zako; kaamua. Keshokutwa asubuhi, kabla daftari la fomu za wanaosafiri halijafungwa saa sita, anakwenda ofisini kusema kweli. Nimemlilia asiende. Kaniambia hawezi kwenda vitani na mke wa karatasi." Akainuka. "Sikuja kukuomba umsamehe. Nilikuja kwa ajili ya sketi."

Asubuhi ya safari, saa tano na nusu, Koplo alisimama mbele ya dirisha la fomu. Nyuma ya dirisha alikuwa mama mmoja wa miwani minene ambaye watu humwita Mama Mihuri, kwa sababu hajawahi kuinua mkono bila kugonga kitu.

"Mama, nilitoa taarifa ya uongo."

"Rudia. Sikio hili limezeeka."

Koplo akapandisha sauti.

"Mwanamke niliyemwandika mke ni mjane wa kaka yangu. Niadhibuni mimi. Mtoto msimkatie matibabu."

Mama Mihuri alivuta faili, akaitazama fomu, akamtazama yeye.

"Nani alikufundisha kujaza?"

"Wakongwe wa kambini."

"Na hao wakongwe waliwahi kugeuza karatasi?"

Akaigeuza mwenyewe, akaweka kidole. "Soma kwa sauti."

Koplo akasoma: "Wategemezi wengine. Wazazi, ndugu, mjane wa ndugu na watoto wake, ikiwa askari ndiye anayewatunza."

"Miaka mitatu umebeba kichwani mzigo uliowekewa toroli!" Akachukua kalamu. "Mtoto anahamia ukurasa wa nyuma, kadi yake itaendelea kutumika. Lakini uongo ni uongo. Leo hii namwandikia kamanda wako. Hizo alama begani usizizoee sana."

"Sawa, Mama."

"Mke, nimefuta. Mtu wa kwanza kupigiwa simu?"

Koplo aliitazama nafasi iliyo wazi kwenye fomu. Hakuwa na jina la kulitaja ambalo alikuwa na haki nalo.

"Jaza haraka, kijana. Zimebaki dakika kumi."

"Sketi nimezipunguza," ilisema sauti nyuma yake.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, gauni lile lile la bluu, macho mekundu, sketi mbili zimekunjwa mkononi.

"Fundi..."

"Nyamaza. Mwaka mzima umenifanya mjinga."

"Kweli."

"Umeogopa hata kunigawia mzigo. Kwani mabega yangu ni ya kupimia tu?"

"Nimekosa." Akamkaribia hatua moja. "Nikirudi, na alama au bila alama, nataka kukuoa. Ukikataa nitaelewa. Lakini nani aandikwe hapa, uniambie wewe."

Wanawake wa foleni walisogea wote kwa pamoja.

"Shati," alisema Fundi.

"Nini?"

"Kitendawili chako. Unaliingia kwa tundu la chini, unatokeza kichwa na mikono miwili, ndipo umelivaa. Nilikijua kabla hujamaliza kukitega. Mimi nashona mashati, Koplo! Kingenishindaje?"

"Mbona hukusema?"

"Ungepiga simu kwa sababu gani?" Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Basi na mimi nilikudanganya. Uongo wangu ulikuwa mdogo, hauandikiwi kamanda. Lakini tuishie hapo. Ukinificha tena, nitakushona mdomo."

"Na mji wangu?"

"Mji anapewa aliyeshinda. Wewe hujashinda." Akageukia dirisha. "Mama, niandike mimi. Mchumba."

Mama Mihuri aligonga muhuri kwa nguvu hata wino ukaruka, na foleni ikapiga vigelegele kana kwamba wote wamechumbiwa. Koplo alimshika Fundi mkono kwa muda wa kuhesabu kumi. Saa saba lori likaondoka naye, mkoba begani, namba nyekundu ikipungua mpaka haikusomeka.

Sasa angalia binadamu alivyo. Fundi alilia aandikwe wa kwanza kupigiwa simu. Alipoandikwa, akaanza kuiogopa simu. Aliiweka kando ya cherehani, sauti juu, na kila ilipolia, hata kwa mteja wa pindo, mguu ulikosa kanyagio.

Siku ya sita, mchana, ililia. Namba ngeni, ndefu, ya ng'ambo ya mpaka. Fundi alisimama. Akaiacha ilie mara mbili, mara tatu, mkono kifuani. Akaipokea, akaibana sikioni.

Kulikuwa na upepo upande wa pili, na mlio wa magari. Kisha sauti ikasema:

"Kitendawili!"

Fundi akakaa chini taratibu, juu ya vitambaa vyote.

"Tega," alisema. "Na leo tega kigumu, tafadhali. Nataka usikate haraka."