Hasira za Msusi

Msusi alikuwa na maneno mengi na vidole vyepesi. Wanawake walikuja kusukwa kwenye chumba chake cha mbele, na kabla msuko haujafika kisogoni walikuwa wameshacheka mpaka machozi. Mume wake, fundi bomba, alizoea kusema kwamba mkewe anasuka kwa mdomo.

Kisha Msusi akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti kama tarumbeta. Mama mkwe akahamia kwao kusaidia malezi. Wageni wakaja, wakala, wakasifu, wakaondoka. Vyombo wakaviacha.

Wiki zikapita. Maneno ya Msusi yakapungua, na yaliyobaki yalikuwa makali. Alimfokea mume kwa ajili ya mlango. Alimfokea mama mkwe kwa ajili ya kijiko. Chakula hakikupita. Mtoto alipolala, yeye alikaa macho, akitazama ukuta. Alimnyonyesha na kumwogesha, lakini moyoni hakusikia kitu, kama anayeosha sufuria. Hilo hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Mama mkwe alisema ni kiburi. Yeye alizaa saba na hakuna aliyemwona akinuna. Fundi bomba alisema mkewe anadeka tu, akaanza kutafuta sababu za kuchelewa kurudi nyumbani.

Asubuhi moja mama mkwe alikwenda sokoni. Mtoto akalia. Msusi akamnyonyesha, akambeba, akamwimbia. Mtoto akazidi kulia. Msusi akahisi joto likimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Mikono yake ikaanza kumkaza mtoto. Akaiona mikono ile, akaiogopa. Akamlaza mtoto chali kwenye godoro lililokuwa sakafuni, akaondoa mito yote. Akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, ameziba masikio.

Mama mkwe alimkuta hapo. Alipaza sauti mtaa mzima ukasikia kwamba mama amemtupa mtoto. Fundi bomba akaitwa kutoka kazini. Alifika shati limelowa, spana bado mkononi, akafoka kabla ya kuuliza. Alimwambia mkewe kwamba hata paka hawaachi watoto wake.

Msusi akasimama.

"Ndiyo, nimemwacha," alisema. "Nilitaka kumtikisa mpaka anyamaze. Mlitaka nibaki naye?"

Mama mkwe akamkumbatia mtoto, ambaye alikuwa ameshamtoa ndani.

Muuguzi wa kliniki, aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa amefika mlangoni kwa sababu ya makelele. Alimpokea mtoto kutoka kwa mama mkwe, akamkagua, akamwona mzima. Kisha akawageukia mume na mama mkwe. Alikuwa na hasira kuliko wao.

"Amemweka mtoto mahali salama, akatoka mpaka hasira ishuke," alisema. "Hivyo ndivyo tunavyowafundisha wazazi. Mtoto mchanga akitikiswa, ubongo huumia. Anaweza kufa. Huyu amemlinda mtoto wenu, na nyinyi mnamtukana."

Akakaa kwenye ngazi karibu na Msusi. Akamuuliza kama analala, kama anakula. Akamuuliza pia, bila kuzunguka, kama anafikiria kujidhuru. Msusi alisema kwamba siku nyingine huona wote wangepumzika kama yeye hayupo.

Fundi bomba akaweka spana chini.

Muuguzi akawaeleza kwamba huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona baada ya kujifungua. Si kiburi, si kudeka, wala si laana. Wapo wanaolia, na wapo wanaokasirika. Huzuni ndogo ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, mama apelekwe kliniki. Akifikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, aende siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

"Mimi nilizaa saba," mama mkwe alisema. "Nani aliniuliza kama nalala?"

"Hakuna, mama. Walikukosea," muuguzi akajibu. "Lakini deni lao usimlipishe huyu."

Walikwenda kliniki mchana ule ule, wote. Msusi akapewa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na dawa ambayo haimzuii kunyonyesha. Fundi bomba naye akapewa kazi: amchukue mtoto alfajiri, mkewe alale bila kuitwa. Siku za kwanza mtoto alimlilia begani mpaka akauma meno. Hapo akaelewa mkewe alikuwa akipambana na nini peke yake. Akaacha kuchelewa kurudi. Mama mkwe akashika jiko, na wageni akawapokea mlangoni, akawaaga hapo hapo.

Msusi hakupona kwa siku moja. Kuna siku aliamka, na kuna siku kitanda kilimshinda. Lakini alasiri moja, alipokuwa akimwogesha mtoto, mtoto alipiga maji yakamrukia usoni. Msusi akacheka. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Mwezi uliofuata akafungua tena chumba cha mbele.

Baadaye, mama mkwe alipokuwa bombani akichota maji, jirani mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama yule mama aliyemtupa mtoto bado yumo mle ndani.

Mama mkwe akatua ndoo.

"Mkwe wangu alikuwa mgonjwa, na ametibiwa," alisema. "Wewe ulimsikia mtoto akilia. Ulikuwa unaumwa nini hata ukashindwa kubisha hodi?"