Fundo la Mikono Miwili

Ahimidiwe Mola aliyeuumba mfupa na kuujalia kuunga uvunjikapo. Atuongoze tusimulie kwa haki.

Katika siku za vijiji vya ujamaa waliishi Kemondo mabinti wawili wa darasa la saba. Wa kwanza ni Kokuberwa, binti wa Mzee Mutalemwa, mkulima wa migomba na kahawa. Wa pili ni jirani yake Adventina, kapteni wa netiboli. Hao walikuwa wametafuna kahawa pamoja, tunda moja lenye punje mbili, kila mmoja yake, kama walivyofanya wazee wao walipoapa kutosalitiana.

Kila asubuhi wanafunzi walilima shamba la shule kabla ya masomo. Siku moja ya mvua Kokuberwa aliteleza akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaangukia kiganja cha kulia. Baba yake akampeleka hospitali ya Bukoba, ambako Mganga Hamidi aliitazama picha ya mfupa, akasema, "Ni ufa tu, mfupa haukuhama. Hakuna haja ya kupasua, wala ya plasta. Tutafunga banzi."

"Kibao hiki chepesi kitaponya kweli?" aliuliza Mzee Mutalemwa. "Mimi nataka plasta, ile ngumu kama jiwe."

"Kwa ufa huu, mzee wangu, yote mawili huponya sawasawa. Banzi hulegezwa mkono ukivimba, na ngozi huoshwa. Lakini plasta humlinda hata mkaidi; banzi humlinda atiiye. Binti, usilivue ukacheze. Mtihani wako u karibu, na mkono wa kuandikia ni huu."

"Ego waitu," alijibu Kokuberwa, yaani ndiyo, bwana.

Haukupita muda, wakaja wageni wa netiboli kutoka Muleba.

"Bila wewe nani atafunga magoli?" Adventina alimbembeleza.

"Mganga amekataza."

"Mganga yuko Bukoba, ataona wapi? Acha woga, bibi kizee wewe! Nitakufungua, kisha nitakufunga vilevile. Likitokea la kutokea, tutalibeba wote. Si tulitafuna kahawa?"

Kokuberwa akanyoosha mkono, banzi likavuliwa. Mchezo haukufika nusu alipopigwa kikumbo, akauangukia mkono uleule. Adventina alimvuta nyuma ya darasa, akamfunga banzi upesi upesi. Mwalimu Penina alipofika na kuuliza, Adventina alijibu bila kupepesa, "Alilivua banzi mwenyewe, Mwalimu, akalifunga tena. Nilimkataza, hakusikia."

Kokuberwa aliyatafuta macho ya rafiki yake, asiyapate. Maumivu ya mkono aliyajua; haya mengine hakuwa na jina lake. Mwalimu akamtuma Adventina amsindikize Kokuberwa na baba yake hospitali. Njia nzima Mzee Mutalemwa alinung'unika, "Umeniaibisha, mtoto wewe!" Kokuberwa hakumtaja rafiki yake. Yule mwingine alikuwa amekisahau kiapo. Yeye kilimfunga kinywa.

Mganga Hamidi alilishika banzi, akaigeuza bandeji kabla ya kuifungua. "Nani alilifunga fundo hili?"

"Yeye mwenyewe," alisema Adventina.

"Kwa mkono upi? Wa kulia ndio huu uliovimba. Wa kushoto peke yake hauwezi kulikaza fundo namna hii."

Adventina akaangua kilio. "Ni mimi, waitu. Nilimfungua mimi, nikamfunga mimi. Niliogopa kuvuliwa ukapteni."

Mfupa ulikuwa umehama. Mganga aliunyoosha, Kokuberwa akalia, kisha akafungwa plasta nzito. Mzee Mutalemwa akainama. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla sijakusikia."

"Wanangu," alisema Mganga Hamidi, "Kokuberwa nilimpa banzi kwa kuwa nilimwamini, akavunja ahadi. Wewe Adventina uliaminiwa na rafiki, na imani ya rafiki ni kama banzi, haina kufuli. Semeni ukweli mapema. Mfupa uliopinda ukiachwa huunga vibaya, na uongo ni hivyohivyo."

Plasta ilikatwa mtihani ukiwa mlangoni. Kokuberwa aliandika kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akamaliza. Nje, Adventina alikuwa akimngoja na tunda la kahawa kiganjani. Kokuberwa alilipokea, asilitafune, akalitia mfukoni.

"Bado," alisema.

"Nitangoja," alijibu Adventina.

Mola awarehemu waliotangulia, na nyinyi mliobaki awajalie mikono mizima, ndimi za kweli, na marafiki wasiowakana siku ya kuulizwa. Amina.