Daktari Alitaka Kujua Kilichotangulia

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha mama yake mdogo. Alikata nyuzi, akashona vifungo, akafagia vipande vya vitambaa, na muda wote huo mdomo haukupumzika. Ndiyo maana aliitwa Chiriku.

"Hata cherehani hunyamaza uzi ukikatika," mama mdogo alimtania. "Wewe uzi wako wa chuma?"

Mama mdogo alikuwa mjamzito. Kwa kuwa mumewe alifanya kazi ya zamu kiwandani, Chiriku alikuwa akilala kwake kumsaidia.

Jirani wa kibanda alikuwa kinyozi, na ugomvi wao ulikuwa nywele. Kinyozi alizifagia mpaka mlangoni akaziacha hapo, upepo ukazipeleka kwa fundi. Jumatatu moja zilitua kwenye gauni jeupe la bibi harusi. Mama mdogo akamfuata nazo mkononi. Maneno yakapanda, kinyozi akamsukuma kifuani, naye akaanguka kwenye ngazi ya saruji. Jioni ile ile, hospitalini, mimba ikatoka. Kinyozi akawekwa ndani.

"Kaniulia mwanangu," alisema baba mdogo. "Akaozee jela!"

Kesho yake mama mdogo alipaswa kuonana na daktari mwingine, yule ambaye kazi yake ni kuwachunguza walioumizwa na kuieleza mahakama nini hasa kiliwapata. Daktari huyo alimwita na Chiriku, kwa kuwa alikuwa akilala nyumbani kwa mgonjwa. Nje ya mlango, baba mdogo akamwinamia.

"Ukiulizwa, sema mama yako mdogo alikuwa mzima kabisa mpaka aliposukumwa. Basi, usiongeze neno. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba mdogo."

Lakini Chiriku alikuwa ameona jambo. Jumapili asubuhi alimwona mama mdogo akitoka bafuni ameshika ukuta, na khanga ina damu. "Usimwambie mtu," mama mdogo alimsihi. "Hasa baba yako mdogo. Aliniambia niache kushona, nipumzike. Atasema nimejitakia."

Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, alimwomba baba mdogo asubiri nje. Ndani walibaki mama mdogo kitandani, mkono umefungwa plasta, na mama yake Chiriku, aliyekuja naye, kwenye kiti.

"Nina maswali mawili," daktari alimweleza Chiriku. "Je, alisukumwa? Mkono uliovunjika na michubuko ya kifuani vimenijibu. La pili: kusukumwa huko ndiko kulikoharibu mimba? Hapo nimekwama. Vipimo vinaonyesha mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wa mimba. Kabla ya Jumatatu, uliona chochote?"

Chiriku alitazama sakafu. "Alikuwa mzima."

Daktari hakumkemea. "Sawa. Ila ujue jibu lako lina kazi gani. Nikisema kinyozi ndiye aliyeharibu mimba na kumbe siye, atafungwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Nasi tutaacha kutafuta sababu yenyewe. Mama yako mdogo akishika mimba nyingine, yanaweza kumkuta yale yale."

Chiriku akamtazama mama mdogo. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Nisamehe, mama mdogo," alisema. "Daktari, alitokwa damu Jumapili, kabla hawajagombana. Na siku nyingi alikuwa amechoka. Anakunywa maji jagi zima, anaamka kukojoa, anarudi anakunywa tena."

Daktari akateremsha miwani. "Ni kweli?"

"Ni kweli," mama mdogo alilia. "Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?" mama yake Chiriku alifoka. "Mumeo? Angekutafuna?"

Damu ilipimwa palepale. Sukari ilikuwa juu sana. Mama mdogo alikuwa na ugonjwa wa kisukari bila kujua.

Alipokubali mumewe aelezwe, baba mdogo aliitwa ndani. Alisikiliza, kisha akauliza kwa hasira, "Kwa hiyo yule anaachiwa?"

"Kwa kumsukuma na kumvunja mkono atajibu mahakamani," alisema daktari. "Kuharibika kwa mimba siwezi kumbebesha. Dalili zote zinaonyesha iliharibika kabla, huenda kwa sababu ya sukari. Na si kushona kulikoiharibu. Mkeo hana kosa. Sukari ina dawa, na ikidhibitiwa mapema, nafasi ya kuzaa salama ni kubwa."

Baba mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ungeniambia," alinong'ona.

"Ungenigombeza."

Baba mdogo akamsogelea. Akaushika mkono wake ulio mzima.

Njiani Chiriku alimuuliza mama yake, "Nimemsaliti mama mdogo?"

"Hujamsaliti. Nisikilize vizuri, sirudii. Siri za watu zitunze, huko si kukosa ukweli. Lakini siri inayomzuia mgonjwa kutibiwa, au inayomfunga mtu kwa kosa lisilo lake, mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia. Na daktari akikuuliza umeona nini, mwambie ulichoona wewe, si ulichofundishwa mlangoni. Hata kama aliyekufundisha unampenda. Hata kama kinyozi humpendi."

"Simpendi kweli."

"Hata mimi," alisema mama. "Lakini hilo si ushahidi."