Kigezo cha Subira

Kiwandakivuli kilianza kuishi miaka ishirini ijayo wakati chai inamiminwa, na kabla vikombe havijapoa kilikuwa kimeimaliza.

Katika ukumbi wa juu wa Kiwanda cha Mng'aro, jijini Mafinga, sakafu iligeuka mwanga, na juu ya mwanga huo kivuli cha kiwanda kizima kikasimama kwa kimo cha goti. Mikanda ilizunguka, magogo ya misonobari yaliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili yakiwa mbaokioo: mbao zinazopitisha nuru kama kioo na kubeba uzito kama chuma. Minara yote ya Mafinga ilijengwa kwa mbao hizo, na madirisha ya vyombo viendavyo mwezini pia. Watu nao walikuwamo sakafuni. Kila mfanyakazi alikuwa na kivuli chake, kilichotembea kwa mwendo wake, kikachoka kama yeye, kikazeeka.

Mhandisi Skolastika Kihwele, mkuu wa idara ya maboresho, hakuwahi kuchoka kukitazama. Zamani viwanda vilichagua miradi kama mtu anunuaye tikiti maji, kwa kupiga kofi na kusikiliza. Sasa kila mradi uliishi kwanza kivulini, ukakosea huko na kugharimu huko, na gharama zake zikawekwa mkabala na faida zake mpaka ijulikane upi unastahili kuguswa na mikono ya kweli.

Siku hiyo miradi ilikuwa miwili, na nafasi moja. Kiwanda kilizimwa mara moja tu kwa mwaka, na miradi yote miwili ilitaka kubomoa jengo lilelile: nyumba ya mabwawa, ambamo mbao zililowekwa katika magadi makali ili gundi yake ya asili itoke. Mvuke wa magadi hayo ulikuwa mbaya. Roboti walijaribiwa humo, viungo vyao vikaliwa katika msimu mmoja. Viungo vya binadamu vilidumu zaidi, na hiyo ndiyo sababu binadamu walibaki.

Mradi wa kwanza uliitwa Mapafu ya Bati. Ulikuwa mfumo wa mabomba na feni za kunyonya mvuke. Ungeupunguza kwa nusu, mara moja. Wa pili uliitwa Bwawahai. Badala ya magadi, mabwawa yangejaa vijidudu vinavyokula gundi ya mbao na kuacha maji safi. Mvuke ungekwisha kabisa, lakini vijidudu vilihitaji miaka mitatu kukomaa, na katika miaka hiyo magadi yangeendelea kutumika kama kawaida. Bwawahai ulikuwa mradi wa Skolastika mwenyewe. Alivipata vijidudu hivyo katika gogo lililooza alipokuwa mwanafunzi, akavilea tangu hapo. Wenzake walikuwa na watoto. Yeye alikuwa na bwawa.

"Bwawahai," kilisema Kiwandakivuli. "Faida yake inazidi gharama kwa mbali."

Wajumbe wa bodi wakapiga makofi. Mwenyekiti, Dakta Lwitiko Mwakalinga, akainua mkono.

"Bado sauti ya mtani," alisema.

Kanuni hiyo haikuwamo katika kitabu chochote cha uendeshaji. Waanzilishi wa Mng'aro waliona kwamba kikaoni kila mtu anamkubalia mkubwa kwa staha, kisha anampinga koridoni, ambako upinzani haumsaidii yeyote. Wakaamua kwamba hakuna mradi utakaopitishwa kabla haujashambuliwa na mtani wa mwenye mradi. Mtani hakasirikiwi. Skolastika alikuwa Mhehe. Mtani wake kikaoni alikuwa Bosko Mapunda, mkuu wa mauzo, Mngoni wa Songea; makabila hayo mawili hutaniana tangu mababu zao walipopigana.

Mapunda alisimama, akarekebisha koti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwanza naomba mlango ufungwe. Nimemwacha mbwa wangu nje, na Mhehe yumo humu ndani."

"Mbwa wako yuko salama," Skolastika alijibu bila kuinua macho. "Amekonda kama bwana wake. Nani atafune mifupa?"

Ukumbi ukacheka. Mapunda akangoja kicheko kiishe.

"Dada, mradi wako nimeutafuta ubaya nikakosa. Nimerudi mikono mitupu kama babu zangu walipokuja kuteka kwenu wakakuta ng'ombe mmeshawahamisha. Ila nina swali la kivivu. Hicho kigezo cha subira, ni subira ya nani?"

Swali halikuwa la kivivu. Faida ya kesho si sawa na faida ya leo, na kigezo cha subira ndicho kilichokiambia Kiwandakivuli faida ipungue kiasi gani kwa kila mwaka wa kuingojea. Ukiweka subira nyingi, mradi wa mbali unashinda. Ukiweka kidogo, unashinda wa karibu.

"Ni ya kampuni," alisema Skolastika. "Ilipimwa."

"Kwa kuwauliza akina nani?"

"Wajumbe wa bodi."

"Ambao ni sisi. Ghorofa ya juu, feni mbili, dirisha linatazama msitu." Mapunda aligeuka huku na huku kama anayehesabu. "Kwetu Songea, mtu akikwambia subiri chakula, unamwangalia kwanza mdomoni kama una mafuta."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Skolastika angeweza kujibu; kigezo kilikuwa halali, na kanuni zilikiruhusu. Lakini yeye alikuwa mtu wa vipimo, na alitambua kwamba alichokuwa nacho mkononi ni kipimo sahihi cha watu wasiohusika.

"Kiwandakivuli," aliita. "Rudia yote. Kila mtu wa nyumba ya mabwawa mpe kigezo chake mwenyewe. Kitoe katika hali ya mapafu yake. Vipimo unavyo?"

"Ninavyo. Havijawahi kuombwa."

Vivuli vikaanza upya. Safari hii Skolastika aliinama, akafuata kimoja tu, kivuli cha Bi Melania Mgaya, aliyegeuza mbao mabwawani tangu kiwanda kifunguliwe. Mwaka wa kwanza wa Bwawahai kivuli kilisimama mara nyingi kupumzika. Mwaka wa pili kilikaa chini. Mwaka wa tatu hakikuja. Mwaka wa nne hewa ikawa safi kabisa, na mahali pa Bi Melania paliandikwa maneno mawili: nafasi imejazwa.

Katika hesabu ya kwanza, pumzi safi ya yule aliyejaza nafasi ilikuwa imehesabiwa kuwa faida. Kiwandakivuli hakikudanganya. Kiliulizwa kuhusu nafasi, kikajibu kuhusu nafasi. Sasa kiliulizwa kuhusu watu, na kikajibu kwa usahihi uleule.

"Mapafu ya Bati," kilisema. "Kwa tofauti ndogo."

Mwenyekiti alimgeukia Skolastika. "Mhandisi, unaukubali?"

"Naukubali. Swali la kwanza lilikuwa na kasoro, na lilikuwa langu."

Mapunda akamwinamia. "Pole, dada," alinong'ona, na hapo hapakuwa na utani.

"Bado," alisema Skolastika. "Kiwandakivuli, nani anapoteza tukichagua Mapafu ya Bati?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo baada ya kushindwa. Sakafu ikazimika, kikabaki kivuli kimoja: binti mrefu, aproni ya mpira, ndoano mkononi. Editha Nyenza, aliyeajiriwa mwaka huo. Mabomba yangekalia mahali pa mabwawa mapya, na Bwawahai ungesogezwa mbele kwa miaka mingi. Kama Bwawahai ungechaguliwa leo, Editha, mwenye mapafu mazima, angeivuka miaka mitatu bila dhara kubwa na kuishi na hewa safi. Kwa Mapafu ya Bati angevuta nusu ya mvuke, mwaka baada ya mwaka, na kufika uzeeni kabla ya wenzake.

"Hakuna mradi usio na mlipaji," alisema mwenyekiti taratibu. "Tutapiga muhuri baada ya chakula."

Skolastika alikuwa ameshafika mlangoni. Mapunda akamfuata.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Peke yako? Habari nzito hupelekwa na mtani. Na huyo Nyenza ni Mhehe, basi ni wangu pia."

Nyumba ya mabwawa iliwalaki kwa joto na harufu iliyochoma koo. Editha alikuwa akigeuza ubao. Alipomwona Mapunda alishusha barakoa.

"Mzee wa mauzo, umetoroka kikao? Wangoni na kukimbia, jamani!"

"Nimekimbilia kwenu ndugu zangu, mnifiche," alisema Mapunda. Kisha akasogea kando, akampisha Skolastika.

Mhandisi alieleza kila kitu kwa mpangilio: miradi miwili, kigezo, Bi Melania, hewa, miaka. Hakupunguza wala hakupamba. Editha alisikiliza akiwa ameegemea ndoano yake. Upande wa pili wa bwawa Bi Melania alikuwa amesimama, mkono kifuani, akingoja pumzi irudi.

"Kwa hiyo mimi nivute nusu kwa miaka mingi, ili mama yule avute nusu leo."

"Ndiyo."

"Mngeniuliza, labda ningekubali." Alifuta jasho kwa sehemu ya juu ya mkono, mahali pasipofikiwa na magadi. "Lakini mmekuja kunipa taarifa."

Kiwandakivuli kilikuwa na mapafu ya binti huyu, mwendo wake na uchovu wake. Hiari yake hakikuwa nayo, kwa sababu hiyo haipimwi kwa chombo. Huulizwa.

"Muhuri haujapigwa," alisema Skolastika. "Nakuuliza."

Editha alimtazama usoni, kana kwamba anaupima uzito wa maneno hayo. Kisha akapandisha barakoa.

"Nina ubao ndani ya maji. Nikiutoa nitakuwa nimefikiri."

"Bodi inatungoja juu," Mapunda alinong'ona.

Skolastika Kihwele akavuta benchi la mbao, akaketi kando ya bwawa, ndani ya mvuke.

"Waambie wangoje," alisema.