Anayetafuna Mapezi

Samaki wa kwanza alikatwa mkia siku ya soko, na Hajati Latifah akadhani ni ugomvi wao wa kawaida. Mkato wenyewe ulikuwa wa mviringo, kama chapati iliyomegwa kwa meno. Tangi lake la kioo lilikaa ndani ya mgahawa wake hapo Bwera, mpakani mwa Uganda na Congo, na wateja walipenda kuwatazama wale samaki kuliko walivyopenda supu yake, jambo lililomuudhi kidogo.

Hajati si mtu wa kukaa na dukuduku. Alimpigia simu muuzaji wa Kampala, akaambiwa amtoe yule samaki mweusi, maana ndiye mchokozi, kisha apange mawe upya ili asibaki wa kujidai mwenye eneo. Akamtia mweusi ndooni, akapanga mawe. Asubuhi mapezi yalikuwa yameliwa tena. Akaongeza majani ya kujifichia, yakaliwa vilevile. Mwishowe akamtenga kila samaki kwenye chupa yake, akafunika kwa sahani, akaenda kulala roho imetulia. Kulipokucha kila mmoja alikuwa peke yake, na kila mmoja alikuwa ametafunwa.

Hapo ndipo alipoanza kuwatazama watu.

Magidu, mumewe, dereva wa lori, hakuchelewa kunong'ona. "Mama Nasif, ile mutoto ya Congo iko na kitu. Ifukuze."

Mtoto mwenyewe ni Elise, mpishi wao, aliyekimbia Beni na hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa mpaka. Hajati alimpenda, alimwita mwanangu mbele ya wateja. Lakini ndiye aliyelala jikoni, ukuta mmoja tu na tangi.

"Mama, haiko miye," Elise alisema kwa sauti ya chini. "Miye nasikia tu. Kitu inatembea polepole, inafika ku kioo, meno inaanza kugongana. Na harufu, Mama, ya matope. Naogopa kufungua mulango."

"Kwa nini hukuniita?"

Elise aliinamisha kichwa, hakujibu. Hajati alikigeuzageuza kile kimya moyoni, na kadiri alivyokigeuza ndivyo alivyoona mikato ile ile ya mviringo kwenye pazia, kwenye kitambaa cha meza, kwenye pindo la leso aliyojifunga, mpaka harufu ya matope ikamjia mchana kweupe katikati ya vitunguu vinavyokaangwa, akaogopa hasa, akamwambia Elise afunge vitu vyake.

Alasiri hiyo akafika maalim Abubaker kutoka Muhokya, mzoefu wa kutoa majini, ambaye Hajati alikuwa amemwita. Alimkuta Elise mlangoni na kifurushi chake, akamzuia asiondoke kwanza. Akaamuru samaki wote warudishwe tangini, akayasomea yale maji kisha akasema, "Samaki anamjua anayemuuma. Tieni mikono, mmoja mmoja."

Magidu akatia wake. Samaki wakaukaribia, wakaupuuza. Elise akatia wake, nao wakamzunguka, wakamgusagusa vidole kama siku zote anapowalisha. Hajati hakuamini. Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha wake huku bado akimkazia Elise macho, na samaki wote, hata yule mweusi mkorofi, wakakimbilia kona ya mbali, wakabanana pale kwenye kioo, mapezi yao machache yamekunjwa, hakuna aliyethubutu kusogea.

"Toa mkono, Hajati," maalim alisema taratibu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasogea nyuma. "Jini haliko ndani ya maji."

Hajati akamgeukia Elise. Alikumbuka kile kimya, akaelewa kwamba msichana alijua tangu mwanzo kuwa zile hatua za usiku ni zake yeye Hajati.

"Mwanangu," alisema, akamnyooshea mkono unaodondosha maji. "Usiondoke. Nisamehe."

Elise akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka kona ya jikoni ikamzuia. Akajikunyata pale, akaficha vidole vyake kwapani.