Ndoo Inayorudi na Tone

Haya, sogea nikutege. Ndoo nzima, kamba nzima, mwenye kuteka ana nguvu zake. Majirani wote wanateka wanajaza. Ndoo yangu peke yake inarudi na tone. Kwa nini? Usikimbilie kujibu. Inspekta mzima ilimchukua asubuhi nzima.

Aliyeuawa, tuseme hivyo, ilikuwa kompyuta ya masjala ya kituo cha polisi, ile inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, iliyobeba majalada yote. Wiki nzima ilikuwa haipokei masasisho. Makao makuu yakasema: isiposasishwa kufikia saa sita mchana Ijumaa, fundi wa kompyuta aondoke kazini. Walishaandika neno hujuma.

Ijumaa yenyewe asubuhi, inspekta alimkuta fundi ofisini kwake, mama wa watoto wawili, macho mekundu.

"Kebo?"

"Mpya."

"Mtandao?"

"Kompyuta ya mapokezi inapakua kama mvua. Hii inadonoadonoa, ikifika asilimia tatu inakata."

"Imejaa?"

"Nusu tupu. Saa na tarehe sawa. Hata mabaki ya upakuaji wa zamani nimefuta."

Inspekta akajikuna kidevu. Kompyuta alizijua kama mimi ninavyojua kuendesha ndege, lakini kuuliza alijua.

"Hayo masasisho inayafuata wapi?"

"Kwenye seva ya karibu, yenye kasi. Anwani nimeiandika mwenyewe Jumatatu."

"Nionyeshe."

Fundi, palepale mezani kwake, akafungua faili la kompyuta ya masjala kupitia mtandao. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Siyo hii, afande. Hii ni anwani ya zamani, ya seva ya chuo cha ufundi. Jumatano pia niliikuta hivi, nikadhani nilisahau kuhifadhi, nikairudisha jioni nikatoka."

Umeona? Ndoo ilikuwa inatumwa kwenye kisima kilichokauka.

"Faili limeguswa lini mara ya mwisho?"

"Leo, saa moja na dakika kumi asubuhi. Kwa nenosiri la msimamizi."

"Nani analijua?"

"Mimi. Na bahasha."

Pale kituoni kila nenosiri liliandikwa kwenye karatasi, likafungwa ndani ya bahasha, likawekwa kwenye sefu ya masjala. Inspekta akaenda masjala, akafunguliwa sefu, akaichukua. Akaiinua dirishani kwenye mwanga. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa, kikarudishwa kwa gundi: mistari miwili myembamba, haikuvuja hata chembe.

Kupaka gundi namna ile alifundishwa yeye mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa konstebo mgeni, katika chumba hikihiki, enzi za taipu zikilia ta-ta-ta na vidole vyeusi kwa wino. Aliyemfundisha alikuwa bado amekaa palepale, akishona majalada kwa uzi. Mama Masjala.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mkeo amegoma kupika?"

"Bahasha hii nani kaifungua?"

Sindano ikasimama.

"Ufunguo wa sefu ninao mimi," akasema. "Wewe hesabu tu."

"Kwa nini, mama?"

Akainama, akaendelea kushona. Inspekta akavuta kiti akakaa. Hakurudia swali.

Saa tano na nusu fundi akaingia, mkoba begani, koleo na bisibisi vikigongana ndani.

"Mama, nimekuja kuaga. Wananiita mbele ya kamati ya nidhamu."

Mama Masjala akaweka jalada chini.

"Tua huo mkoba. Ni mimi. Andika, inspekta, nitie sahihi, huyu binti asipoteze kazi kwa ajili yangu."

Inspekta akaandika. Fundi akaketi kwenye kompyuta ya masjala, akarudisha anwani yake, na masasisho yakaanza kumiminika. Mama akayatazama yakipita, haonekani kufurahi.

"Ile seva ya chuo," akasema, "aliiweka mume wangu."

Inspekta akamkumbuka papo hapo. Baba Nyaya! Kebo shingoni kama skafu, siku alipoleta kompyuta ya kwanza chumbani humu, akimtania mkewe, "Mke wangu, kamashine haka katameza majalada yako yote," na yeye akimtupia kifutio. Kituo kizima kilicheka. Alifariki miezi minne iliyopita. Wenzake chuoni hawakuwa na moyo wa kuizima seva yake. Ilibaki imewashwa stoo, imezeeka, inakohoa.

"Alinifundisha kubadilisha anwani, akaniandikia kwenye daftari," mama akasema. "Na jina la seva alilipa lake, mwenye majivuno yule. Ukiagiza masasisho, mstari wa kwanza unaotokea ni 'babanyaya'."

Fundi akaangalia pembeni, akajifuta uso kwa ukosi wa shati.

"Uliniuliza kwa nini, mwanangu." Mama Masjala akavua miwani. "Nyumbani nikimwita, haitiki. Hapa, hata akichelewa, alikuwa anaitika."